Lebo Iliyoitwa Baadaye

Mwanzoni nilidhani yule mzee amepotea njia. Ghorofani juu yetu kulikuwa na daktari wa meno, na mara kwa mara watu wenye mashavu yaliyovimba walifungua mlango wetu kwa makosa, wakaomba radhi, wakapanda. Huyu hakuwa na shavu lililovimba. Alikuwa amevaa kanzu safi ya kijivu na kitambaa chekundu cha kichwani kilichofungwa vizuri kwa kamba yake nyeusi, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi la barabara ya jangwani. Alisimama mlangoni, akakisoma kibao cha ukutani polepole mpaka mwisho: Jumuiya ya Sauti Njema, Jabal Luweibde, Amman.

"Kumbe mpo," akasema.

Nilisimama, nikamkaribisha kiti. Mutasim, mhasibu wetu, aliniashiria kwa kidole nimwelekeze juu kwa daktari. Nikajifanya sijamwona. Nikachukua mdila wa kahawa chungu, ambao Bi Najwan, mkurugenzi wetu, alitaka uwepo kila asubuhi, nikammiminia mgeni finjani. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akanishukuru, akaiweka mezani mbele yake. Kisha akaweka mikono magotini, akatulia.

Mutasim akaacha kuchapa.

Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mgeni anayeiweka finjani chini bila kuionja ana haja kwa mwenye nyumba, na hatainywa mpaka aahidiwe. Mwenyeji akishamwambia anywe, neno limekwisha; kulirudisha ni aibu ya ukoo mzima. Siku hizi mjini Amman tunaifanya kwenye posa tu, wazee wakiwa wamevaa majoho yao, na jibu lenyewe linajulikana wiki nzima kabla. Kuiona finjani ile juu ya meza ya ofisi, kati ya kalamu na stepla, ilikuwa kama kumkuta farasi ndani ya lifti.

"Sema haja yako, ami," nikamwambia.

Akasema jina lake ni Abu Mutlak, ametoka kijiji kilicho juu ya Tafila, na ameondoka kwake kabla ya alfajiri. Ana mjukuu, Wadha, msichana wa miaka sita, mtoto wa mwanawe aliye jeshini mpakani. Wakati wa baridi jumuiya yetu ilimpa Wadha vifaa vya kusikia, kimoja kila sikio, kwenye sherehe yenye maua na kamera. Siku za mwanzo mtoto alikuwa akifungua na kufunga mlango kutwa nzima, kwa ajili ya kuusikia tu. Baadaye vifaa vikaanza kupiga mluzi. Mluzi mkali, masikioni kabisa mwa mtoto. Sikio la kulia likafanya kidonda. Sasa Wadha anavificha ndani ya pipa la unga, na bibi yake anavikuta akikanda mkate.

Shule ya kijijini imesema itampokea darasani msimu ukifunguliwa, ikiwa atavaa vifaa na kusikia. Vinginevyo atapelekwa bweni la viziwi, huku Amman. Abu Mutlak akaniuliza nani atamlaza mtoto wa miaka sita Amman, na hakungoja jibu langu.

Mwalimu wa kijiji alikuwa ametuandikia barua pepe kwa niaba yake. Haikujibiwa. Akaandika tena, na tena. Kwenye kliniki ya Karak, Abu Mutlak alikutana na watu wengine wenye shida ileile, mama mmoja wa bondeni Ghor na baba mmoja wa Maan, nao waliandika, nao hawakujibiwa.

"Sikuja kugombana, binti yangu," akasema. "Mtu akikwambia hapana, umejua. Lakini asiyekujibu amekufanya huna mdomo. Haja yangu ni kwamba barua zetu zijibiwe. Zote, si yangu peke yangu. Mseme ndiyo au mseme hapana, lakini zijibiwe."

Nilikaribia kucheka kwa faraja. Nilikuwa nimetarajia jambo kubwa. Barua? Kikasha cha barua cha jumuiya nilikipanga mimi, kwa mikono yangu, na kilikuwa fahari yangu. Kama kuna barua iliyopotea ningeipata kabla jua halijafika juu ya paa la jirani.

"Kunywa kahawa yako, ami," nikasema. "Ulilojia umelipata."

Mutasim akakohoa. Mzee hakuigusa finjani bado.

"Mwenye nyumba ni wewe?"

"Barua ni zangu mimi," nikamjibu. "Hakuna herufi inayoingia hapa bila kupita mkononi mwangu."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuupandisha. Kisha akainywa kahawa kwa mara moja, akaitikisa finjani, ishara kwamba imetosha, akanirudishia. Mlangoni aliacha mfuko wa tini kavu, akaniambia nikimaliza niende Tafila ninywe kwake. Nikasema nitakwenda. Akashuka ngazi.

"Hongera, sheikha," Mutasim akasema. "Umeshaoza binti, na bwana harusi hujamwona."

Nikamrushia tini.

Nilifika pale mwaka uliotangulia, nikiwa nimetoka kuhitimu, kwa sababu ya Bi Najwan. Alikuwa ametufundisha chuo kikuu. Siku ya kwanza darasani alisimama bila karatasi, akasema, "Mtoto asiyesikia si mtoto asiyejua kusema. Ni mtoto asiyejibiwa." Nililiandika neno hilo, nikalibandika juu ya kitanda changu. Bi Najwan alikuwa amekataa kazi ya hospitali kubwa ili aendeshe jumuiya ya vyumba viwili, na mimi niliamini, na labda bado ninaamini, kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaoshikilia nchi isianguke.

Nilikikuta kikasha cha barua kama ghala lililopitiwa na mafuriko. Matangazo ya zulia, barua za wafadhili wa ng'ambo, akina mama wakiuliza betri, kiwanda kikituma ankara, vyote vimelala pamoja. Nikatengeneza lebo, kila moja na rangi yake. Wafadhili kijani. Familia bluu. Haraka nyekundu. Shukrani njano. Malalamiko zambarau. Kisha nikatengeneza vichujio: barua ikitoka kiwandani inakwenda yenyewe mahali pake, tangazo la zulia linatupwa nje, barua yenye neno "betri" inakaa juu ijibiwe siku hiyohiyo. Ndani ya wiki chache ofisi ikapumua.

Bi Najwan akataka nimfundishe. Tulikaa mchana mmoja mbele ya kompyuta yangu tukila mkate wa kaaki na unga wa zaatari, naye akiuliza kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo nikiandika neno moja tu, kila barua yenye neno hilo itafuata amri?"

"Itafuata."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala, mwalimu."

Alicheka, akanibusu kwenye paji la uso. Tangu siku hiyo nenosiri tulikuwa nalo wawili, mimi na yeye.

Lebo ya Malalamiko ilikaa tupu. Niliifungua kila wiki, nikaikuta tupu, na kila mara moyo wangu ulifurahi. Majira ya kuchipua tulipowaandikia wafadhili ripoti, sehemu ya malalamiko niliandika: hakuna. Bi Najwan akaniambia niitie sahihi mimi, siyo yeye. Kazi ni yako, akasema, usiogope kuonekana. Niliipiga picha sahihi ile nikamtumia mama.

Basi siku ile, mzee aliposhuka, nilikaa nikaandika "Tafila" kwenye sehemu ya kutafutia.

Zikaja. Barua za mwalimu wa kijiji zote zilikuwepo, moja chini ya nyingine, zina alama ya kusomwa. Na kila moja ilikuwa na lebo ya kijivu ambayo sikuitengeneza mimi: Baadaye.

Nilitazama orodha ya lebo pembeni. Haikuwemo. Kulikuwa na njia ya kuificha lebo isionekane, na mimi ndiye niliyemwonyesha Bi Najwan. Nikaibonyeza hiyo ya kijivu, ukurasa ukajaa, na chini yake kulikuwa na ukurasa mwingine. Mama wa Ghor. Baba wa Maan. Nyanya mmoja wa Zarka aliyeandikiwa na mtoto wa jirani. Kinapiga mluzi. Anakitupa. Sikio linatoka maji. Je, nimekosea mimi kumvisha? Huyo wa mwisho aliuliza mara mbili, kwa adabu, kama amekosea yeye.

Nikafungua mipangilio. Kati ya vichujio vyangu, katikati kabisa, kilikaa kimoja kigeni. Kiliamuru kwamba barua yoyote yenye neno mluzi, au kidonda, au kurudisha, isiingie kikashani; iwekewe alama ya kusomwa; ipewe lebo ya Baadaye; na nakala yake ipelekwe kwenye anwani fulani. Anwani hiyo niliijua. Ndiyo niliyoipelekea tasnifu yangu ya chuo.

Nilimtafutia udhuru kama ninavyoweza kumtafutia mama yangu. Nikasema alikuwa anajifunza, amebonyeza vibaya. Nikasema alitaka kuzikusanya azijibu mwenyewe. Lakini orodha ya maneno ilikuwa ndefu, na nilipoilinganisha na barua nikaona jinsi ilivyokua. Mama mmoja alipoandika "usaha", barua yake ilifika kikashani, na nikakumbuka kwamba asubuhi ile, kabla sijaifungua, Bi Najwan aliniambia, "Hiyo niachie mimi." Baada ya siku hiyo neno "usaha" lilikuwemo kwenye kichujio. Mtu anayekosea haongezi. Alikuwa akizisoma zote, moja moja, na kila aliposoma alitengeneza ukuta kidogo zaidi.

Na lebo yangu ya zambarau aliiacha safi, kama sebule ya wageni.

Bi Najwan alirudi adhuhuri kutoka wizarani, amechangamka, akiomba kahawa. Nilimfuata chumbani kwake nikamweleza habari ya mzee, finjani, na nilichokiona. Sikupaza sauti. Nadhani nilikuwa bado ninangoja aniambie sivyo.

Hakukana. Alifunga mlango, akavua miwani, akanieleza kwa utaratibu, kama darasani. Vifaa vya wakati wa baridi vilikuwa na hitilafu ya kiwandani, alijua tangu barua za mwanzo. Lakini wafadhili walikuwa karibu kutia saini mkataba mpya, wa watoto mara tatu ya wale. Wafadhili ni watu waoga. Wakiona malalamiko hata machache watasimamisha kila kitu, wataunda kamati, na kamati itakaa mpaka watoto wawe watu wazima. Mkataba ukishatiwa saini atakiandikia kiwanda kimyakimya, vifaa vitabadilishwa, na hakuna atakayeumia. Ndiyo maana aliiita Baadaye. Aliniambia hivyo akinitazama machoni, na mbaya zaidi ni kwamba nilimwamini.

Nikamkumbusha dhamana. Kiwanda hubadilisha bure kifaa kilichoripotiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu. Barua yao ilikuwa kwenye lebo yao, niliisoma mwenyewe.

"Nani amekupa ruhusa ya kunywesha watu kahawa ofisini mwangu?" akauliza badala yake.

Akaipangusa miwani yake.

"Umesoma mpaka chuo kikuu, Shuruk, halafu unafungwa na finjani?"

"Sikufungwa na finjani, mwalimu. Wewe ndiye uliyesema ni mtoto asiyejibiwa."

Alivaa miwani tena. Kwa muda alipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa. Kisha sauti yake ikawa laini, ile sauti ya kaaki na zaatari. Akaniambia kabatini kuna vifaa vipya, vya toleo jingine, vimewekwa kwa ajili ya maonyesho ya siku ya kutia saini. Nichukue jozi moja. Nimpelekee mzee kesho. Mtoto ataingia darasani, babu atafurahi, mimi nitakuwa nimetimiza neno langu, na mradi mpya ukianza nitakuwa mkuu wa kitengo cha familia.

Nakiri nililitazama kabati. Nilimwona Wadha, ambaye sijawahi kumwona, akifungua na kufunga mlango. Lakini mzee alikuwa ametamka haja yake wazi. Zote, si yangu peke yangu. Angeweza kuomba la mjukuu wake tu, na mimi ningempa siku ileile, lakini hakuomba.

Nikasema siwezi.

"Na ripoti?" Bi Najwan akauliza, taratibu, kama anayenikumbusha mwavuli niliousahau. "Ile uliyowaandikia kwamba hakuna malalamiko. Sahihi ni ya nani?"

Nimerudia swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Sijui kama alipanga toka mwanzo, mchana ule aliponiambia nisiogope kuonekana, au kama aliliona tu wakati ule na kuliokota kama mtu anavyookota jiwe lililo karibu. Sitajua kamwe. Kila kizuri alichowahi kunifanyia sasa nakigeuza upande wa pili, nione kimeandikwa nini.

Aliniambia kichwa kipoe, tutazungumza Jumapili, wiki ya kazi ikianza. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Mutasim alikuwa amesikia yote; kuta zetu ni nyembamba. Alivuta kiti karibu na changu, akanikatia kipande cha mkate wake wa falafeli, akanishauri kama kaka. Mpelekee mzee vifaa, Shuruk. Sema alhamdulillahi. Ukiufungua mlango huo hutaufunga, na sisi wengine tumo ndani ya nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na harusi mwezi ujao. Nikamwambia aende nyumbani mapema, asiwepo. Akarudi mezani kwake, hakwenda.

Kwanza nilikifuta kichujio. Ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu.

Kisha nikaziondolea barua alama ya kusomwa. Zikawa nyeusi na nene tena, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoinuka kutoka kwenye mkeka. Nikazivua kijivu, nikazivisha zambarau. Kwa mara ya kwanza tangu niitengeneze, lebo ya Malalamiko ikawa na namba mbele yake, na namba hiyo ikapanda na kupanda, nami nikaiangalia bila kupepesa.

Kompyuta inaweza kutuma jibu moja kwa watu wote. Ningemaliza haraka sana. Lakini hawakuandika kwa pamoja, kila mmoja aliandika peke yake akiwa na mtoto wake pembeni, kwa hiyo nikajibu moja moja, kwa jina la kila mtoto. Niliwaambia kwamba kifaa kina hitilafu na kiwanda ndicho chenye kosa. Kwamba hawakukosea kuwavisha. Nikawaambia wasimvishe mtoto tena mpaka daktari aone sikio. Nikawapa anwani ya kiwanda na ya wakala wake hapa Amman, nikaambatanisha karatasi ya dhamana, nikawaeleza tarehe ya mwisho. Nikaomba radhi kwa kuchelewa, na chini nikaweka anwani yangu binafsi. Yule nyanya wa Zarka nilimwandikia sentensi fupi fupi ili mtoto wa jirani asipate taabu kumsomea.

Wakati fulani Mutasim aliweka karibu na mkono wangu glasi ya chai yenye majani ya maramiya.

"Chai hii hukuiona kwangu," akasema.

Kwa kiwanda nilituma majina yote pamoja na nakala za barua. Ya mwisho niliwaandikia wafadhili. Niliandika kwamba ripoti ya majira ya kuchipua ina sahihi yangu, kwamba sehemu ya malalamiko si kweli, na kwamba ukweli wenyewe ni huu nilioambatanisha. Sikumtaja Bi Najwan. Nilijaribu; kila nilipoliandika jina lake mkono ulilifuta. Watajua wenyewe, nilijiambia, na sijui kama huo ulikuwa wema au woga. Nikatia sahihi, nikatuma.

Jumapili nenosiri lilinikataa. Vitu vyangu vilikuwa kwenye boksi la karatasi, na juu yake mfuko wa tini za Abu Mutlak, umefungwa vizuri; nadhani ni Mutasim. Bi Najwan alikuwa amesimama dirishani chumbani kwake, mlango wazi, mgongo kwangu. Nilingoja ageuke. Chini barabarani muuza gesi alipita akipiga wimbo wake wa kipaza sauti, akarudi, akapita tena. Nikabeba boksi langu.

Wafadhili waliniuliza maswali, nikajibu. Walisimamisha mkataba. Mwanafunzi mwenzangu wa zamani aliniandikia kwamba nimewanyang'anya mamia ya watoto masikio kwa ajili ya wachache. Sikuwa na jibu lililonitosheleza hata mimi, lakini nilimjibu siku hiyohiyo.

Kila mahali ninapoomba kazi wanataka hati ya utumishi kutoka kwa mwajiri wa mwisho. Nimemwandikia Bi Najwan kumwomba. Nimeandika kwa heshima, nikamwita mwalimu, kwa sababu sijui neno jingine la kumwita. Nimeandika tena. Hakuna jibu, wala halitakuja. Njia ambayo barua zangu zimepita ninaijua hatua kwa hatua: zinafika mlangoni, jina langu linatambuliwa, zinapewa alama ya kusomwa, zinapelekwa kando. Nilimfundisha mimi. Karatasi iliyo juu ya kitanda changu bado ipo. Kuna usiku ninaigeuzia ukutani, na asubuhi ninaigeuza tena, kwa kuwa kilichoandikwa ni kweli hata hivyo.

Mwisho wa kiangazi barua ilikuja kwangu, kwenye kikasha changu mwenyewe. Ilitoka kwa mwalimu wa kijiji. Wakala wa kiwanda amepiga simu, wamekwenda Amman, Wadha amebadilishiwa. Mama wa Ghor pia amebadilishiwa. Wa Maan bado anangoja, lakini amepewa siku. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameongeza: babu anauliza utakuja lini kunywa.

Nilipanda basi la Tafila Alhamisi ya kabla ya shule kufunguliwa.

Nyumba ilikuwa juu ya mteremko wa mizeituni. Abu Mutlak alinipokea mlangoni, akaniketisha kwenye godoro la heshima, mahali pa wageni wakubwa, nikaona haya. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekuja, wamevaa majoho yao ingawa kulikuwa na joto. Mmoja alikuwa ofisa wa elimu wa mkoa, mwingine alikuwa na jamaa wizarani. Walikwisha kusikia kwamba nimefukuzwa kazi. Nilipomjibu mwalimu nilimweleza, naye alikuwa amewaambia. Wadha alichungulia nyuma ya mlango, nywele zimesukwa nyuma ya masikio ili vifaa vionekane, akanitazama, akajificha.

Kahawa aliikaanga na kuitwanga Abu Mutlak mwenyewe. Akamimina, akanipa finjani ya kwanza, na hakurudi kuketi. Alibaki amesimama na mdila mkononi, macho yake kwenye mkono wangu. Hapo nikaelewa kwa nini wamevaa majoho. Walikuwa wanangoja kuona kama nitaiweka chini.

Na haja nilikuwa nayo. Nilitaka hati yangu. Nilitaka kazi. Zaidi ya vyote nilitaka mtu aende kwa Bi Najwan, akae mbele yake na kahawa isiyoonjwa, amuulize kwa nini, asiondoke mpaka amejibu. Wazee wale wangekwenda. Ningeiweka tu finjani ile kwenye mkeka, na kesho yake wangekuwa Luweibde, majoho na yote, wakipanda ngazi zetu.

Finjani ilikuwa ya moto kati ya vidole vyangu. Nje, mbali, jogoo akawika, na mlangoni Wadha akageuza kichwa kabla yetu sote.

Nilikuwa nimesema nitakuja ninywe. Nikainywa mpaka chini, nikaitikisa, nikamrudishia mzee.